Moyo wa Paka wa Mama

Mama hapendi nilisimulie jambo hili. Nalisimulia kwa sababu mpaka leo halijanitoka.

Yeye si mtu wa hospitali. Nyumbani kwake Ibra, hapa Omani, dawa ni habasoda, asali na kusomewa, na daktari ni wa waliokwisha kushindwa. Kwa hiyo aliponipigia simu kazini akataka nimpeleke Nizwa kwa daktari wa wanyama, paka wake apimwe mapigo ya moyo, nilidhani ananitania.

"Anaanguka, mwanangu. Jana kaanguka jikoni, leo ukumbini. Atakuja kunifia huyu."

Niliomba ruhusa kwa kusema nina mgonjwa nyumbani. Sikumwambia mkuu wangu kwamba mgonjwa mwenyewe ana mkia. Njia nzima nilikuwa nimenuna. Mama alimpakata paka ndani ya kikapu cha ukili, akimsomea taratibu. Tulipopita Izki mtandio wake ukasogea, nikaona uvimbe juu ya sikio.

"Umefanya nini hapo?"

"Mlango wa kabati."

Nikaridhika. Nilikuwa na hasira na paka, sikuwa na nafasi ya kabati.

Daktari alikuwa Msudani, mpole, mwenye mikono mikubwa. Alimlaza paka ubavu wa kulia, akamlowesha manyoya kwa spiriti, akambana vibanio vidogo miguuni. Nilitarajia makucha na vurugu, lakini paka alitulia chini ya kiganja cha mama. Mashine ikaanza kutoa utepe wa karatasi wenye mstari, na daktari akanionyesha namna ya kuusoma: kilima kidogo, mlima mwembamba, kilima kingine, halafu nafasi. Kila mlima ni pigo moja. Nafasi ikizidi kuwa ndefu, alisema, hapo pana maneno.

Nafasi zote zilikuwa sawa.

"Moyo wake mzuri," alisema kwa Kiarabu. "Ila mioyo mingine huficha ubaya wake. Tunaweza kumfunga kifaa akae nacho kutwa kucha. Kwanza nambie, Hajja, anaangukaje?"

Mama alimjibu kwa Kiarabu hicho hicho, bila ya kufikiri. "Kwanza masikio yanavuma. Halafu giza linaingia kutoka pembeni. Miguu inalegea. Ukizinduka, sakafu ni baridi na hujui umelala hapo muda gani."

Daktari akaweka kalamu chini. "Hajja, nani kakwambia masikio ya paka yanavuma?"

Mama hakumtazama yeye wala mimi. Alimtazama paka.

"Na akiwa hivyo," akauliza, "ataishi?"

Kwetu mtu huuliza lake kwa mgongo wa mwenziwe. Nimekua nikiwasikia wanawake wakiulizia talaka zao kwa jina la jirani, na kila mtu akijua jirani ni nani. Lakini sikuwa nimewahi kumsikia mtu akiulizia kifo chake kwa mgongo wa paka.

"Mama," nikasema kwa Kiswahili, "ni paka anayeanguka?"

"Paka mzima. Mimi ndiye ninayeanguka, tokea Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi." Alisema kwa sauti ile ile anayoniambia mchele umekwisha. "Sikutaka kukutieni roho juu. Nikaona huyu ni daktari wa paka, hatonilaza."

Niliona haya, tena haya mbele ya mgeni. Msudani huyu alihitaji kumsikia mara moja tu. Mimi namuona kila Ijumaa.

Daktari alisema yeye hatibu watu, lakini mama asirudi Ibra kabla ya kupimwa. Akajitolea kukaa na paka. Nikaendesha gari hadi hospitali, na mara hii mama hakubisha, jambo lililonitisha kuliko uvimbe.

Walimlaza kitandani, nesi akambandika vibandiko vya nyaya kifuani. Mstari ukatokea kwenye kioo, nami nikausoma bila ya kufundishwa tena: kilima, mlima, kilima, nafasi. Mama alikuwa akilalamika.

"Yule paka tumemuacha hajanywa..."

Akanyamaza. Macho yakajifumba. Kwenye kioo nafasi ilikuja ikapita urefu wa zile za kwanza, nikausubiri mlima, mlima haukuja. Mstari ulikuwa umenyooka kabisa. Mashine ikaanza kulia na nesi akamrukia kifuani. Mimi nilisimama tu na funguo za gari mkononi, nikikitazama kioo.

Kisha mlima mmoja ukainuka. Ukafuatwa na wa pili, na wa tatu. Mama akafungua macho, akamshangaa nesi aliyemuinamia, akanitazama mimi.

"...maji," akamalizia. "Mbona unalia? Nimesema hajanywa maji."

Nikamwambia nitampa.