Kombinezo ya Mama na Alama ya Pasi

Enzi zetu sisi wa mtaa wa Mutakura, nguo ya zamani ilikuwa nguo ya zamani, basi. Haikuwa na jina la kujivunia. Leo binti yangu Keza, mwenye miaka kumi na tisa, ananiita chumbani anionyeshe kwenye simu gauni la maua makubwa, kola pana kama masikio ya tembo, halafu ananiambia kwa heshima, kama anayetaja jina la mtakatifu, "Mama, hii ni vintaji." Vintaji! Gauni hilo nalijua. Nililivaa shuleni nikiwa na miaka kumi na moja, wenzangu wakanicheka mpaka machozi yakanilengalenga, maana lilikuwa la bibi fulani wa Ulaya ambaye huenda alishakufa kabla nguo zake hazijavuka bahari.

Wa rika langu mnakumbuka balo za chagua, ile mitumba. Robota limebanwa kwa mikanda ya chuma, muuzaji anakata mkanda mmoja, nguo zinafura na kumwagika, na harufu ya naftalini inapanda puani mpaka unapiga chafya. Mama alikuwa fundi wa kuchagua. Hakudanganyika na rangi. Aligeuza nguo nje-ndani, akatazama makwapa, akavuta mishono, akaiinua kwenye jua kutafuta matundu ya mende. "Nguo ni sawa na muchumba," alisema. "Anza kumuangalia ndani." Na sutie, sidiria za enzi zile, mama wee! Zilichongoka mbele kama funeli za kumiminia mafuta ya taa. Mama mudogo Fides alizipachika kichwani, mbili mbili, akatembea sokoni na pembe zake, na wauzaji wakasahau kutaja bei kwa kucheka.

Fides alikuwa mdogo wake Mama. Aliishi nasi katika vyumba vyetu viwili, mimi na yeye tukilala kitanda kimoja. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kwangu alikuwa nusu mama nusu rafiki. Ndiye aliyenipa jina la Kamoso, kwa kuwa moso kwa Kirundi ni kushoto. Shuleni mwalimu alinichapa vidole kwa rula kila niliposhika kalamu kwa mkono wa kushoto, nikajifunza kuandika kwa wa kuume kwa uoga. Lakini nyumbani, kufagia, kumenya mihogo, kupiga pasi, yote nilifanya kwa mkono wangu wa kushoto, na Fides alikaa pembeni akisema, "Kamoso, hata ukinisalimia unanitukana!"

Halafu vita vikatuzoea na sisi tukavizoea. Ikaja ambargo, mipaka ikafungwa, balo zikakatika sokoni. Sukari ikawa dawa. Petroli ikauzwa kwenye chupa za bia. Lakini watu walioana, watoto walibatizwa, na huwezi kwenda kanisani umejifunga ambargo kiunoni. Ndipo wamama wa Mutakura walipofungua makasha yao ya bati. Zikatoka nguo za ujana wao: marinda ya plastiki ile inayolia shwa shwa ukitembea, suruali zilizopanuka chini kama kengele, viatu vya soli nene mfano wa matofali. Jumapili ukitazama kanisani ungedhani ni mwaka ule baba zetu walipokuwa wakitongoza mama zetu. Nami nakiri, walipendeza. Walitembea wima zaidi. Nadhani nguo ziliwakumbusha kwamba kuna siku walikuwa wasichana na nchi ilikuwa imelala salama.

Ndani ya kasha la Mama, chini kabisa, katika mfuko wa karatasi, ilikaa kombinezo. Wa pwani wataiita shimizi: gauni la ndani, la nailoni, rangi ya maziwa, mikanda myembamba mabegani na dantela, yaani lesi, pana kifuani na kwenye pindo. Baba aliinunua katika duka la Mgiriki mmoja mjini kabla ya harusi yao. Mama alisimulia kwamba Baba alisimama nje ya duka saa nzima kwa aibu, kisha akaingia, akaonyesha kwa kidole bila kusema neno. Baba aliugua akafariki mwaka mmoja kabla ya vita. Ukiacha mimi na picha moja iliyopauka, kombinezo ile ndiyo iliyobaki ya mkono wake. Mama alipoikunjua, aliinusa kwanza. Hakujua kama namwona.

Hata hivyo hakuinyima watu. Mnajua imvutano yetu, kile kitambaa chepesi tunachofunga begani siku za sherehe. Kinaonyesha. Chini yake lazima kombinezo safi, la sivyo wazee watainamisha macho na jamaa za bwana watakuwa na la kusema kwa miaka kumi. Na wakati wa ambargo kombinezo nzuri mtaani petu ilikuwa moja tu. Basi kila bibi arusi alikuja kuiazima. Sharti la Mama lilikuwa moja: irudi imefuliwa, imepigwa pasi, na kipande cha sabuni juu yake. Wasichana saba waliolewa ndani ya nguo ile. Wengine walikuwa wanene, wengine wembamba kama ufagio, wote iliwakubali.

Wa nane alikuwa Fides mwenyewe.

Mchumba wake alikuwa mwalimu, mtu mpole wa bara, na harusi ilipangwa Jumamosi asubuhi, kwa sababu ya kuvrefe, ile amri ya kutotembea usiku. Siku hizo arusi zilikimbizwa: misa saa mbili, vinywaji saa tano, saa tisa kila mtu anatafuta njia ya kwao kabla ya saa ya amri. Ijumaa mchana Mama alikwenda kutafuta bia ya ndizi, Fides akaenda kusukwa nywele. Nikabaki na kazi ya kupiga pasi kombinezo. "Weka kitambaa chenye maji katikati," Mama aliniambia mara tatu. "Nailoni haipendi moto. Umesikia?"

Nilisikia. Meza yetu ilisukumwa ukutani, nikailaza kombinezo shingo ikielekea ukuta, nikaweka kitambaa chenye maji, nikapuliza makaa. Nikaanza vizuri kabisa. Lakini imvutano ya Fides ilikuwa imetundikwa mlangoni, ya bluu yenye nyuzi za kung'aa, na kioo kilikuwa palepale. Nikasema moyoni, mara moja tu. Nikaondoa kitambaa nikidhani nimemaliza, nikaiacha pasi imelala juu ya kombinezo, sijui kwa akili gani, nikajifunga imvutano begani. Nikatembea mbele ya kioo nikiangalia chini kama bibi arusi. Nikapokea zawadi za watu wasiokuwapo. Nikakataa kucheka. Harufu ndiyo iliyoniamsha.

Ee Mungu wangu. Nilipoinua pasi, nailoni ilinata nayo. Mbele, karibu na goti, pakabaki alama ya kahawia yenye umbo kamili la pasi, na pale kwenye ncha tundu dogo ambalo kidole kingepita. Nilikaa chini sakafuni. Sikulia kwa ajili ya viboko. Nililia kwa ajili ya Baba, kama vile nimemuunguza yeye.

Nikaikunja, alama ikawa ndani, nikairudisha mfukoni. Mama aliporudi akauliza, "Umemaliza?" Nikajibu, "Ndiyo, Mama." Usiku ule sikusinzia. Fides alinishika mkono akidhani nasikitika kwa kuwa ananiacha.

Asubuhi aliikunjua mbele yangu, tukiwa wawili tu chumbani. Aliona. Alinitazama, nikatazama miguu yangu. Nje gari la kwenda kanisani lilikuwa linapiga honi. Fides aliigeuza kombinezo, mbele ikawa nyuma, akaivaa, akafunga imvutano juu, akajaribu kujitazama mgongo kwenye kioo. "Inaonekana?" akauliza. Ilionekana kidogo. "Basi leo mi ni mutu wa kukaa," akasema.

Na alikaa. Baada ya misa alitembea akinibana nyuma yake kama kivuli, na kwenye sherehe aliketi, mgongo ukutani, hakusimama kucheza hata ngoma za shemeji zake zilipomwita. Fides huyo, wa kutembea na pembe sokoni! Aliinamisha uso, hakucheka, hakugeuka. Na kwa kuwa bibi arusi wa kwetu hatakiwi kuchekacheka, wazee walifurahi kupita kiasi. Nyanya mmoja wa upande wa bwana alipiga kofi pajani: "Huyu kweli amelelewa! Angalia adabu ile." Fides alinikonyeza jicho kwa chini. Nusura nife.

Jumapili alimrudishia Mama kombinezo, na kipande cha sabuni juu. Nilikuwa mlangoni. "Dada, unisamehe," akasema. "Niliipitisha pasi tena asubuhi, ikaungua. Ni mi." Mama aliikunjua, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akafoka, oo, alifoka! Mikono isiyo na akili, wasichana wa siku hizi, zawadi ya marehemu, kila kitu. Na kila alipopumua alinitazama mimi. Fides naye alinitazama. Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Nikalimeza.

Siku nne baadaye Fides na mume wake walipanda basi kwenda kwao bara. Barabara zile mnazikumbuka. Basi halikufika.

Sitasema mengi hapo. Wengi wenu mna basi lenu. Nitasema tu kwamba miaka yote niliyokua, nikaolewa, nikahamia Kibenga, nilibeba jambo moja: kwamba Mama aliagana na mdogo wake akiwa na hasira juu yake, na hasira ile ilikuwa yangu. Kila nilipojaribu kusema niliogopa. Kumwambia mama yako mzee kwamba alimgombeza marehemu bure, utaanzia wapi?

Jumapili iliyopita Mama alikuwa kwangu. Keza akaingia na kombinezo mkononi, ameichokonoa kwenye kasha la bibi yake, macho yanawaka. Anataka kuivaa kwenda Kajaga na wenzake, ufukweni, na jaketi ya jinzi juu. Juu ya nini? Juu ya hakuna kitu! Kombinezo ndiyo gauni lenyewe!

"Nje?" Mama akauliza. "Kombinezo, nje, mbele ya watu na samaki?"

"Koko, ndiyo mtindo," Keza akamjibu bibi yake. "Na hii alama ndiyo inanipendeza zaidi. Watu wananunua za kuchanwa makusudi."

Tulicheka. Sisi tulishona tundu kwa uzi wa rangi ileile ili lisionekane, hawa wanalinunua. Mama akaichukua, akainusa kama zamani, akapitisha kidole polepole juu ya ile alama, maana macho yake sasa hayaoni vizuri.

"Keza," akasema, "unaona ncha ya pasi inalalia wapi? Upande wa kuume. Mutu wa mukono wa kuume pasi yake inalalia kushoto. Fides alikuwa wa kuume. Mu nyumba ile, wa kushoto alikuwa nani?"

"Mama," nikasema. "Ulijua?"

"Nilijua siku ileile, na Fides alijua kama nimejua. Tuliingia jikoni tukacheka mpaka tukakaa chini. Ile makelele yote ilikuwa yako, mutoto wangu. Tulisema, apana tumulazimishe, tumungoje, atasema mwenyewe." Akapitisha kidole tena juu ya alama. "Siku ya kuondoka, mu dirisha ya basi, aliniambia: 'Dada, Kamoso akisema, uniandikie.'"

Basi nikasema. Nina miaka karibu arobaini, nina nyumba, nina watu wanaoniita bosi, nikasema kwa sauti ya mtoto, "Ni mi niliunguza." Mama akanishika kichwa.

Baadaye Keza alikwenda Kajaga nayo. Nilimruhusu. Alishuka ngazi alama ikiwa mbele, wazi, anatembea kama barabara ni yake, saa kumi jioni, saa ambayo sisi tulikuwa tumeshafunga milango. Tulikuwa na nguo moja kwa wasichana wanane na tulijua kila aliyeivaa. Wao wana nguo nyingi na hakuna anayejua ilitoka mwilini mwa nani. Lakini anacheka nje mpaka jua linazama, na hilo sisi hatukuwa nalo. Sijui nimuonee wivu au nimuhurumie. Nafikiri yote mawili.

Mama aliniambia, "Macho yangu hayaandiki tena. Andika we. Na mukono wako ule." Kwa hiyo ukurasa huu niliuandika kwanza kwenye daftari kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala ovyo kama za mtoto wa darasa la kwanza, na hakuna aliyenichapa.

Mama mudogo Fides, Kamoso amesema.