Mwaka Usioogwa

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba ukishajua kitu kilikotoka, umekijua. Sikufundishwa hivyo na mtu. Nilijifundisha mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Nilimaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo nyumbani hayakutajwa mara ya pili, nikapelekwa Chalinze kuuza chaja na vioo vya simu kwenye kibanda cha binamu yangu, pale mabasi yanapoteremsha watu kuchimba dawa na kununua korosho. Basi likiondoka, kabla lingine halijaingia, nilisoma. Nilisoma chochote simu ilichonipa, lakini kilichoninasa ni asili za sikukuu. Kwa nini Wazungu huingiza mti ndani ya nyumba Krismasi. Kwa nini Pasaka ina mayai, ambayo kwenye habari yenyewe ya Pasaka hayamo. Kwa nini Wachina huufukuza mwaka kwa fataki na nguo nyekundu, na Wameksiko huwaandalia wafu wao meza. Niligundua kwamba karibu kila sikukuu imekalia kiti cha nyingine iliyoitangulia. Jambo hilo lilinipa raha, na raha yenyewe haikuwa njema. Ilikuwa raha ya kujua kitu ambacho mwenye sherehe hakijui.

Niliporudi Bagamoyo nilikuwa na elimu hiyo na sina pa kuipeleka. Nikaanza kurekodi maelezo mafupi ya sauti na kuyatuma kwenye kundi la simu la mtaa wetu. Nilijifunika blanketi kichwani ili jogoo wa jirani asisikike. Nikivuta pumzi vibaya, nilifuta na kuanza upya. Nikitamka neno moja kwa ulimi mzito, nilifuta na kuanza upya. Bibi yangu, mama yake baba, ambaye nilikuwa nikiishi naye, alikuwa akipita mlangoni na kusema, "Mume wangu, umeoa jini huko shukani? Mbona mnaongea mchana kutwa na chai inapoa?"

Watu walisifu. "Hongera mtaalamu." "Leo nimejifunza." Nilizisoma sifa hizo mara nyingi kuliko nilivyoisoma mada yenyewe.

Sasa nieleze jambo la Bibi, maana bila hilo hakuna la kusimulia.

Sisi wa pwani tuna mwaka mwingine, si ule wa Januari wala si ule wa mwezi mwandamo. Wazee huuhesabu kwa makumi ya siku, mwongo baada ya mwongo, na huingia wakati wa kipupwe. Sehemu nyingi umekwisha sahaulika. Mtaani kwetu ulibaki kwa wanawake wachache, na Bibi ndiye aliyekuwa akiutangaza. Asubuhi ya siku hiyo kila mmoja alizima moto wa jikoni kwake, akazoa majivu, wakaenda baharini pamoja. Majivu yalimwagwa majini. Wao wakaoga na kanga zao mwilini, wakarudi kuwasha moto mpya na kupika nafaka za kila aina kwenye chungu kimoja.

Lakini hayo ni maganda. Kiini chake kilikuwa kusutana. Wanawake waliokosana ndani ya mwaka walisimama majini wakitazamana, na kila mmoja akamsuta mwenzake mbele ya wengine, kwa sauti, bila kuficha. Ulisema lililokuuma, uliweka na matusi ukitaka, watu wakacheka, ukamwagiwa maji usoni, ukamwagia na wewe. Mkitoka hapo limekwisha. Neno lililosemwa majini halirudiwi nchi kavu. Aliyelirudia, hata mumewe angemwona hana adabu.

Mwaka huo Bibi alikuwa na mtu wa kusutana naye. Shoga yake wa tangu usichana, mama mmoja wa nyumba ya tatu kutoka kwetu anayepika vitumbua, alikuwa hasemi naye. Kwenye harusi ya binamu yangu, shoga huyo ndiye aliyepika pilau. Bibi akaonja, akachota chumvi, akaongeza ndani ya sufuria ya mwenzake mbele ya wapishi wote. Kwa mtu wa mbali ni jambo dogo. Kwetu, kumtilia mpishi chumvi hadharani ni sawa na kumvua kanga. Tangu siku hiyo hawakuamkiana. Mwezi wa Ramadhani wakati wa kufuturu hakuna sahani iliyotoka kwetu kwenda kwao, wala kwao kuja kwetu, na hilo halikuwahi kutokea tangu nizaliwe.

Nilimwambia Bibi amwombe tu radhi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hali mchanga.

"Nikamwombe radhi barazani kwake, tuko wawili? Nilimkosea mbele za watu. Na yeye keshanisema kwa watu. Ngoja mwaka uingie. Nimemwekea maneno yake, na najua na yeye kaniwekea yangu. Atanitukana yule! Ana mdomo, mwenzangu." Akacheka peke yake. Alikuwa akiisubiri siku hiyo kwa hamu, kama watoto wanavyosubiri Idi.

Na mimi nilikuwa nikiisubiri. Nilitaka kurekodi asili yake.

Nilisoma kwa muda mrefu. Nikakuta kwamba mwaka wetu huu unaitwa Nairuzi, na kwamba jina hilo ni la Uajemi, na kwamba Waajemi wa kale walikuwa na heshima kubwa kwa moto. Hapo ningeishia. Mimi sikuridhika, sentensi haikuwa na mwisho mzuri. Nikaunganisha moto wa Waajemi na moto wa majikoni kwetu, nikasema kuzima moto na kuwasha mpya ni masalia ya ibada ya waabudu moto, yaliyofika hapa kwa majahazi na kubaki bila wenyewe kujua. Hilo la mwisho sikulisoma popote. Nililiongeza kwa sababu lilipendeza sikioni. Nikarekodi, nikafuta, nikarekodi, mpaka ikatoka safi. Nikaituma siku chache kabla ya mwaka kuingia, nikidhani naipamba siku ya Bibi.

Sifa zilikuja nyingi kuliko zote.

Asubuhi ya siku yenyewe nilimbebea Bibi kanga kavu mpaka kwenye miti ya mivinje, nikabaki hapo, kwani upande wa wanawake mwanamume hafiki. Waliokuja walikuwa wachache. Bibi aliingia maji ya kiunoni, akamwaga majivu, kisha akasimama akiangalia njia. Wenzake wakaoga, wakatoka. Yeye akabaki. Nilimwona anarekebisha kanga kifuani, anaiweka sawa, kama mtu anayetarajia kupokea mgeni.

"Mama, maji yanatoka," mmoja akamwita kutoka ufukweni. "Utabaki kwenye matope."

"Yuko njiani. Ana vitumbua, hawezi kuacha mafuta motoni."

"Mama, hakuzima moto leo. Tumepita kwake, anapika."

Bibi aliitazama njia tena. Alitoka polepole, akaichukua kanga kavu mkononi mwangu bila kunitazama.

Njia ya kurudi inapita mbele ya nyumba ile. Shoga alikuwa barazani na chuma chake cha vitumbua. Nilimwamkia, "Shikamoo Bibi."

"Marahaba," akasema, akigeuza kitumbua kwa kijiti. Bibi yangu alikuwa kasimama pembeni yangu, maji yanamdondoka, lakini yule alizungumza na mimi tu. "Haya mtaalamu. Na kitumbua, asili yake wapi? Usije ukaniambia kesho nimekuwa nikiabudu hiki chuma miaka yote, nikaenda motoni na unga mkononi."

Wateja waliokuwa wakisubiri walicheka. Mmoja akasema, "Mwulize na chapati, Mama!" Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu nilidhani ni utani.

Kumbe mwana wa shoga, mwenye duka la vipuri vya malori kule Lugoba, aliisikia sauti yangu kwenye kundi. Ni mtu wa dini na mpole, sina neno naye. Alimpigia mama yake simu, akamwambia, "Mama, umri huu usijiingize kwenye mambo haya. Si mimi ninayesema. Ni mjukuu wa shoga yako mwenyewe." Wengine waliokosekana ufukweni walikuwa wameambiwa maneno kama hayo na watoto wao. Miaka yote watoto hao walikuwa wakinung'unika bila hoja. Hoja niliwapa mimi, tena imesafishwa, haina hata sauti ya jogoo.

Bibi alikuwa hana simu ya kusikilizia mambo hayo. Tulipofika nyumbani alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, bado hajabadili nguo, akasema, "Niwekee na mimi nisikie."

Nikamwekea. Aliinamisha kichwa akasikiliza mpaka mwisho. Nataka niseme kwamba niliona aibu wakati ule, lakini sikuiona. Nilikuwa nasikiliza pumzi moja katikati, pale nilipotaja Uajemi, iliyonitoka kwa nguvu kidogo, nikawaza ningeirudia.

"Sauti yako nzuri," Bibi akasema. Kisha akauliza, "Moto gani mimi nauabudu?"

"Si wewe, Bibi. Ni asili yake, zamani sana."

"Mimi nauzima. Umeniona miaka yote nauzima. Anayeabudu kitu hukizima?"

Nilikuwa nimesoma usiku na mchana, na swali hilo halikunipitia akilini.

"Nani alikuuliza?" akasema tena, bila ukali. "Katika watu wote wa mtaa huu, nani alikuuliza?"

Siku hiyo aliniita kwa jina langu. Hakuwa na kawaida hiyo.

Nilijaribu kurekebisha kwa njia pekee niliyoijua, yaani kurekodi tena. Nikatengeneza maelezo marefu kuliko ya kwanza, nikakiri kwamba lile la ibada sikuwa na uhakika nalo, nikaeleza mambo ya kusutana na faida yake. Waliosikiliza ni wachache. Yule mwana wa Lugoba aliandika, "Shukrani kwa kutuongezea maarifa." Basi. Uongo wangu ulikuwa mfupi na mtamu, ukweli ukawa mrefu na wa kuchosha. Ndivyo nilivyoutengeneza mwenyewe.

Kabla mwaka mwingine haujaingia, shoga alianza kuumwa miguu kwa sukari, na mwanawe akaja kumchukua. Bibi alisimama dirishani gari linapakiwa. Magodoro yalipita, masufuria yakapita, mwenyewe akapita ameshikwa mikono. Hakuna aliyeagana na mwenzake. Nilimwambia Bibi atoke, dakika moja tu. Akasema, "Nikitoka nitamwambia nini? Kwaheri? Kwaheri husemwa na watu wanaosemeshana."

Nilikwenda Lugoba peke yangu. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka uani, nyuma ya duka, mguu mmoja umefungwa, malori yanapita barabarani mpaka maneno hayasikiki. Nilimwamkia, nikampa samaki wakavu niliowabeba, nikajieleza. Nilimwambia kwamba niliyoyasema sikuyajua, niliyabuni, na kwamba Bibi alimsubiri majini.

Alinisikiliza vizuri. Alikuwa mtu wa kusikiliza.

"Nilijua atanisubiri," akasema. "Na maneno nilikuwa nayo. Nilikaa nikayapanga, ningemwambia wewe unajua chumvi gani, wewe ambaye mwaka ulioolewa ulipika ugali mumeo akauchezea mpira." Akacheka, macho yakajaa. Kisha akafuta uso. "Lakini mwanangu ananilisha, ananiogesha. Kasema si dini, nami siku zangu zinahesabika. Sasa wewe unakuja kuniambia ulibuni. Nilikuamini siku ile. Leo nikuamini tena kwa lipi?"

Nikamwomba basi amtumie Bibi salamu, nipeleke mimi.

"Salamu za siri kwa kosa la hadharani? Mwambie pilau haikuhitaji chumvi."

Nilirudi nikamwambia Bibi hivyo hivyo, sikuongeza wala sikupunguza. Kwa mara ya kwanza maishani sikuipamba sentensi. Akasema, "Ilihitaji." Nikamwambia nitakodi gari, twende Lugoba, wakasutane huko uani hata mbele ya wateja wa vipuri.

"Lugoba kuna bahari?" akauliza. "Au tutasimama kwenye beseni, vikongwe wawili, tumwagiane vikombe?"

Nilicheka. Yeye hakuwa akichekesha.

Shoga alifariki kabla ya kipupwe kilichofuata. Bibi alikwenda mazishini, akakaa na wanawake wengine, akaosha vyombo, akarudi siku hiyo hiyo. Kwetu maiti huombewa msamaha na kusamehewa, kila mtu husema nimemsamehe. Nilimuuliza kama alisema. Akaniambia hayo hayanihusu mimi.

Mtaani kwetu hakuna anayeoga mwaka sasa. Wakati mwingine watoto wa shule huniomba niwaeleze desturi za wazee wa Bagamoyo, mwalimu kawaagiza, na wao wameambiwa mimi najua. Nawaambia waende kwa Bibi. Wakienda, huwaambia hakumbuki.

Siku hizi nimeacha kurekodi. Nauza vioo vya simu karibu na stendi, na nikisoma jambo naliacha huko huko nilikolisoma. Bibi bado ananipikia, tunazungumza habari za samaki, mvua na magoti yake. Mambo ya zamani hanisimulii tena, na mimi simuulizi.