Mbegu za Msikundazi kwenye Friji

Zuena binti Mtoro wa Mbuchi alikuwa na ulimi mkali tangu ujana, na uzee haukuupunguza hata kidogo. Mwaka ule mto ulipoangusha mkoko wa mwisho wa msikundazi ukingoni, mbele ya shamba lake la mpunga, hakulia. Aliokota matunda yake yote, yakajaa gunia na kapu. Bila mizizi ya mikoko ile kushika udongo, maji ya chumvi yangeingia shambani, naye hakuwa na shamba jingine.

Ndipo akafika Bwana Abdulatifu wa benki ya mbegu, mabuti meupe pee, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo, bibi. Mbegu hizi tutazikausha tuziweke kwenye friji. Zitakaa miaka mia."

"Marahaba. Miaka mia zikifanya nini?"

"Zinahifadhiwa."

"Loo! Hii ukiikausha umeiua, mwanangu. Inataka tope, tena wiki hii hii. Hata kaa anajua."

Abdulatifu akacheka kile kicheko cha wenye vyeti, akasema utafiti una taratibu zake. Taratibu! Mtu hajawahi kuzama tope hata la magotini, anamfundisha Zuena mikoko. Akabeba gunia zima. Aliponyoosha mkono achukue na kapu, Zuena akalikalia. Ndiyo, alilikalia kitako mbele za watu, na hakuinuka mpaka boti iliyomleta bwana ilipoondoka.

Kesho yake akashuka topeni kupanda, mgongo unamuuma, kila shimo na tusi lake kwa yule bwana.

Baada ya miezi minane Abdulatifu akarudi, safari hii mpole. Mbegu za gunia zilikuwa zimekufa zote. Ukingoni ilisimama miche thelathini na mmoja, ila mawimbi ya maboti yalikuwa yakiing'oa ile ya mbele, na jambo hilo lilimkosesha Zuena raha. Radhi bwana hakuomba. Alileta kibao kikubwa chenye jina la mradi, akamwomba bibi akishike katikati ya miche, apigwe picha.

Zuena akakipokea, akakigeuza, akakigongagonga. Mbao nzito, nzuri.

"Haya, leo umeleta kitu cha maana."

Akashuka mpaka kwenye mche wa mbele kabisa, akakididimiza kibao topeni mbele yake, maandishi yakiutazama mto, akakikandamiza kwa mguu. Wimbi lililofuata likalipiga jina la mradi, likarudi lilikotoka.