Kuni za Mdogo Wangu

Siku tulipomzika mdogo wangu pale Mahongole, tuliokuwepo ni hawa: mimi dada yake, kijana wake wa kwanza, ambaye ni mkubwa wa ofisi huko Njombe; binti yake, anayeuza viazi Makambako; shemeji yangu, yaani mdogo wa marehemu mume wake; na majirani. Majina yote ninayo kichwani, hata ya watoto waliobebwa mgongoni, ila siyaandiki.

Kwetu kaburi huchimbwa na majirani. Halinunuliwi. Asubuhi ile walishafika na majembe na sululu, ukungu haujaondoka, ndipo kijana akatoka ndani akawaambia, "Wazee wangu, msihangaike. Nimekodi watu wa mjini, wako njiani." Alidhani anawapumzisha. Wakatazamana, wakaweka majembe chini, wakaenda kuota moto.

Mvua ikaanza. Gari la hao watu likakwama kwenye tope huko njiani, simu zao hazipatikani. Mchana ukafika, mchungaji akafika, kaburi hakuna. Mdogo wangu yuko sebuleni ndani ya sanduku, na sisi wanawake tumechoka hata kulia. Kijana akaenda pale motoni kuwaomba.

"Bosi, si umekodi?" mmoja akamjibu. "Sisi tunaota moto."

Basi binti akatoka, miguu peku, akapiga magoti kwenye tope. "Kamwene, baba zangu," akawaamkia kwa lugha ya kwetu. Wakaitikia chini chini. Akaokota jembe, akaelekea makaburini.

"Weka chini, mama! Mwanamke hachimbi kaburi hapa!" shemeji akafoka.

"Sasa mama alale wapi, baba mdogo?"

Shemeji akamnyang'anya jembe, akaanza yeye. Wakainuka wote. Kijana naye akavua koti, akanyoosha mkono apewe sululu. Hakuna aliyempa. "Utachafua viatu, bosi." Wakacheka, kicheko kisicho na furaha.

Tukazika jioni, tumelowa.

Baadaye kijana akaja kukaa na mimi jikoni. "Mama mkubwa, mbona dada wamemsikiliza? Hata ubalozi wa nyumba kumi hana."

Nikamwonyesha kuni zilizobaki ukutani. Kila msiba, mama yake alitangulia na mzigo wa kuni kichwani, na huyo binti nyuma yake. Hakuna aliyemchagua binti, lakini siku asipoonekana watu waliuliza yuko wapi, kazi haianzi.

"Wewe ulikuwa unatuma rambirambi kwa simu," nikamwambia. "Mwenzako alikuwa anabeba kuni."

Akainamisha kichwa. Kisha, kwa sauti ya mtoto, "Na mimi atanichimbia nani?"

Nikasogeza kuni motoni. Hata wanangu mimi wote wako mijini, wanatuma kwa simu.

Mliokuwepo, kama nimekosea niambieni. Labda mwishoni kuna mtu alimpa ile sululu, mvua ikanizuia nisione. Hapo ningependa sana niwe nimekosea.