Daftari la Mzungu wa Ndege

Mzungu yule sikumpenda tangu siku ya kwanza, na sababu nilikuwa nayo. Alishuka garimoshi kule Same, akapanda milima yetu ya Upare Kusini kwa miguu, na alipofika juu akasema amekuja kutazama ndege. Si kuwinda, si kufuga. Kuwatazama tu. Mtu mzima, mwenye ndevu, aache kwao na kufunga safari yote ile kwa ajili ya kutazama ndege? Uongo ule hata mtoto asingeumeza.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita kuu ya pili, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nyoka wetu alikuwa bwana miti, afisa wa misitu wa serikali. Huyo alifika bonde la jirani, akauliza majina ya miti kwa upole, akaandika, akaaga. Mwaka uliofuata yakaja mawe ya mpaka, na wanawake wa bonde lile wakakatazwa hata kuokota kuni katika msitu wa babu zao. Sisi nasi tulikuwa na msitu wetu wa ukoo, mdogo, juu ya ndiva. Ndiva ni bwawa tunalokinga maji ya chemchemi usiku kucha, na asubuhi hufunguliwa yateremke mashambani kwa mfereji. Chemchemi ilitoka mle msituni. Ukichukuliwa msitu, maji yamekwenda, na sisi tungeyafuata.

Mlinzi wa ndiva alikuwa baba yangu. Alikuwa na fimbo ya kupimia kina cha maji, aliyorithi kwa baba yake, na kwa fimbo hiyo aligawa zamu za kumwagilia bila kumpendelea hata shemeji. Kazi hiyo aliifanya kwa kusikiliza ndege. Dudumizi akilia mfululizo bondeni, baba hakungoja mawingu. Aliwaita watu wazoe matope mferejini kabla mvua haijafika. Majina ya ndege baba alinifundisha tangu sijui kufunga kanga. Tukienda ndiva asubuhi alisimama ghafla na kuuliza, "Nani huyo?" Nami nilijibu: hondohondo, kwale, chozi. Nikikosea alicheka, kisha akanieleza anajenga wapi, anakula nini, anamwogopa nani. Mmoja tu hakuwahi kunitajia. Ndege huyo alipiga mluzi mara tatu ndani ya msitu, na hakuonekana.

"Huyo bado," baba alisema. "Huyo nitakwambia ukikua."

Basi Mzungu alipouliza ni nani ajuaye ndege, kila kidole kilimwelekea baba. Na walewale waliomnyoshea kidole ndio walioanza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Walizunguka pamoja siku tisa. Tuliwaona kwa mbali, Mzungu na darubini machoni, baba akimwonyesha tawi, halafu wote wawili wakicheka. Kicheko kile ndicho kilichotuudhi. Baba hakuwa mtu wa kucheka na watu wazima, hata wa kanisani kwake. Jioni moja alirudi na kopo la tumbaku. Mama alilinusa, akaliweka juu ya uchaga. Wanawake mferejini walikuwa wakisema kikulacho ki nguoni mwako, na nilipofika na mtungi wangu walinyamaza wote. Niliona aibu. Lakini niseme kweli: na mimi nilikuwa nimeanza kumshuku. Anacheka nini na mtu yule? Amemwingiza msituni ili iweje?

Siku ya kumi Mzungu alishikwa na homa, akalala hemani kwake. Mzee mmoja akaokota daftari lake ukingoni mwa ndiva, alikokuwa amelisahau.

Watu husema Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, nami sikatai. Alasiri hiyohiyo wazee walikuwa wameketi ukingoni mwa ndiva, baba katikati yao, na mimi nikaitwa. Nilikuwa nimemaliza darasa la nne shule ya misheni, msichana pekee wa upande wetu, na baba alinisifia jambo hilo mpaka watu wakachoka.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba. Soma, binti," akasema mzee aliyeliokota.

Nililifungua. Lilikuwa la Kiingereza. Mimi nilijua Kiswahili cha kusoma na Chasu cha nyumbani. Kiingereza nilikuwa na maneno ya kuhesabu kwa vidole. Ningesema, "Wazee wangu, hiki sikijui," yote yangeishia hapo. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, na ya baba yaling'aa kwa majivuno. Nikaona jina la msitu wetu. Chini yake jina la baba. Kisha neno moja lililojirudia ukurasa mzima, na kila mara lilikuwa na tarakimu pembeni.

"Limeandikwa jina la msitu," nikasema, "na la baba. Na hesabu."

"Hesabu ya nini?"

"Ya miti, nadhani."

Hilo "nadhani" hakulisikia mtu.

"Ni ndege," baba akasema. "Wazee wenzangu, anahesabu ndege."

Walicheka. Mmoja akamjibu kwamba mtu hahesabu asichokusudia kukichukua, na hapo hata mimi niliona amesema kweli. Baba hakubisha tena. Alinitazama mara moja, akainuka, akailaza fimbo ya maji miguuni pa mkubwa wao, akaenda nyumbani. Daftari lilirudishwa hemani kimyakimya, na Mzungu alipopona akaenda zake.

Tulingoja mawe ya mpaka mwaka ule, na uliofuata. Hayakuja. Mimi nilikuwa nimepelekwa shule ya walimu, na siku moja mwalimu alichora tawi ubaoni, juu yake akachora nyumba ya ndege, chini akaandika kwa Kiingereza neno lile lile la daftarini. Maana yake kiota. Mzungu alikuwa akihesabu viota. Nilitamani ardhi inimeze.

Likizo nilikwenda kwa wazee nikawaeleza yote, na kwamba kosa ni langu. Wakasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Fimbo ilibaki kwa mlinzi mpya.

Baba nilimpigia magoti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia, mwanangu," akamwambia mama aniletee chakula. Asubuhi tulipita pamoja chini ya msitu, na yule wa mluzi akapiga mara tatu. Nilikuwa nimekua. Nikasimama kama alivyokuwa akisimama yeye.

"Baba, nani huyo?"

Hakupunguza mwendo. "Mimi sijui kusoma," akasema.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakunitajia ndege mwingine hata mmoja. Msitu upo, chemchemi ipo. Huyo wa mluzi namsikia mpaka leo, na wajukuu wangu huniuliza jina lake.