Nilimwelekezea Kidole Mwenzangu, Akapigwa Yeye

Admin, nifichie jina kabisa, huku kwetu tunajuana hadi mbuzi. Mimi ni nesi wa miaka arobaini na moja, nafanya kazi hospitali moja huku Makueni. Kanisani mimi ndiye ninayeongoza maombi ya akina mama, kwa hivyo mkinitukana mna haki.

Mwezi uliopita tulikuwa wawili tu wodini, mimi na msichana mgeni kutoka Kanyangi. Nitamwita Mwende. Kulikuwa na mama mzee ambaye damu yake ilitakiwa maabara asubuhi. Niliitoa mwenyewe, nikatia kichupa mfukoni, nikaitwa kwa mgonjwa mwingine. Nikasahau.

Saa nane mwanawe akaingia amewaka. "Sista, mamangu amelala hapa tangu asubuhi na hakuna majibu! Nani alikuwa na hiyo damu?"

Kichupa nilikuwa nimekishika mfukoni. Nikasema, "Uliza yule pale."

Manesi wanajua tunavyorushiana watu wenye hasira. Lakini siku hiyo nilijua ninachofanya. Mwende hakumaliza hata kugeuka. Yule mtu alimzaba kofi la sikio, akaanguka na kugonga kichwa kwenye kitanda cha chuma. Mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote, nikamshika, nikalia naye. Jioni nikatupa kichupa.

Sikio lake la kushoto halisikii tena. Na ofisini, badala ya kumfuata aliyempiga, wamemwandikia Mwende barua ajieleze kwa nini damu haikupelekwa. Yuko kwa kandarasi, wakimpata na makosa anaenda nyumbani.

Juzi alikuja kwangu na kunde za mamake. Akaniita mama kwa Kikamba, akaniuliza, "Mwaitu, hiyo damu ulinipatia? Mimi sikumbuki kabisa. Tangu nianguke kichwa hakishiki vitu. Labda ni mimi."

Nikamwambia, "Inawezekana."

Mungu wangu. Alinishukuru kwa kutomkasirikia, akaomba tusali, na nikasali, kwa sauti.

Jumatatu anaitwa mbele ya kamati. Nikisema ukweli kazi yangu imeenda, na nina watoto watatu shuleni ninaowalea peke yangu. Lakini Mwende hajaomba mtu mwingine aingie naye. Anataka mimi niketi kando yake, nimrudilie maswali asiyoyasikia. Ndugu zangu, nishaurini: nikiketi pale nitamwambia nini?