Nilimfundisha Mama Kujibu "Ndiyo"

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na minane, mwalimu mstaafu, mkazi wa Adu. Nimeomba jina langu lifichwe, kwa kuwa baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu niliwafundisha mimi. Siku hizi sikai kitako. Nainuka, nafika uani, narudi, nainuka tena.

Naishi na mama yangu mzazi, ambaye umri wake umepita themanini. Huu ni mwaka wa tatu akili yake inampotea. Hospitalini niliambiwa kwamba ni maradhi ya ubongo yanayowapata wazee, hayana dawa, nikamtunze nyumbani. Nimtunze vipi, sikuelezwa. Mke wangu ndiye amwogeshaye na kumlisha. Kazi yangu mimi ilikuwa kumsahihisha. Akiniita kwa jina la marehemu baba, namsahihisha. Akisema kumekucha na jua linatua, namsahihisha. Naye hulia na kutukana mbele ya wageni, nami nikaona haya.

Ndipo nilipomfundisha kama nilivyofundisha darasa la kwanza. "Mama, mtu akikuuliza neno lolote, jibu, 'Ndiyo, mwanangu,' kisha uje nyumbani." Tulikariri asubuhi na jioni. Majina ya wanawe ameyasahau yote, lakini hilo alilishika. Vilio vikapungua, nami nikajisifu.

Mwezi uliopita alitoka bila kuonekana, akaingia kwa jirani, akaanua shati la mtoto, akalikunja vizuri na kuja nalo. Nadhani aliliona kuwa langu la utotoni. Siku ya pili mtoto yule akashikwa na homa. Kwetu, mzee akichukua nguo ya mtoto, watu wamekwisha kuhukumu kuwa ni mchawi. Jirani akaja na ndugu zake wawili, wakamkuta mama mlangoni akichambua kunde, nami nipo nyuma yake.

"Hawe," akamwambia, kama tuwaitavyo bibi zetu, "shati umelichukua wewe?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Na homa umemtia wewe?"

"Ndiyo, mwanangu." Akainuka, akasema anakwenda nyumbani, na hapo ndipo nyumbani.

Nikawaambia ni mgonjwa, hajui asemalo. Jirani akacheka kidogo. "Mwalimu, hata akikosea siku wamsahihisha. Mbona leo umenyamaza mpaka amemaliza?"

Mtoto amepona, lakini wazee wa kijiji wameweka kikao cha kumhukumu mama baada ya mavuno. Wengine walitaka mama alishwe papai la kiapo, ambalo husemwa humvimbisha mdomo mwenye hatia. Jirani akakataa: "Amekiri kwa kinywa chake. Kiapo cha nini?" Mzee mmoja wa kijiji cha pili alikiri vivyo hivyo, akauawa kwa panga shambani mwake.

Sasa namfundisha upya. "Mama, sema, 'Sijui.'" Ananitazama kwa upole. "Ndiyo, mwanangu."

Mke wangu ameniambia, "Ulimfundisha wewe. Simama kikaoni uliseme hilo." Nitasema, lakini nani ataniamini? Watasema mwana anamfichia mamaye. Nikimpeleka kwa dada yangu aliyeko Gede, watasema amekimbia, na nyumba asiyoizoea itamzidishia kutangatanga.

Mahindi yameanza kukauka. Nyinyi mliowahi kumuuguza mzee wa namna hii, nipeni shauri upesi: nimhamishe, au nimkalishe mbele ya watu hao na kuwaomba wasimuulize neno?